Kamba ya Mkwe Wangu katika Nchi ya Ngojani

Jinsi nilivyofika Ngojani sitaieleza, kwa sababu safari yenyewe sikuifanya mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wodi, kikapu mapajani, daktari akasema, "Ubongo huu utarudi, lakini polepole," na nilipoinua macho sikumwona tena daktari wala benchi. Niliona lango. Baadaye niliambiwa kuwa karibu wote huingia nchi ile namna hiyo, mtu mwingine akiwa bado anaongea.

Mimi ni Namkunda, bibi wa miaka sabini na moja. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne nililirudia kwa sababu ya kucheka darasani. Nasema mapema ili msomaji asitegemee maneno makubwa. Nitaandika nilichokiona, na pale nitakapoongeza chumvi nitajitahidi iwe kidogo.

Aliyetupeleka huko ni mkwe wangu, Eliamani, mume wa binti yangu Nakijwa. Ni fundi wa kupaua. Mwezi wa tatu alianguka kutoka juu ya kenchi akipigilia bati, kichwa kikatangulia. Alilala siku kumi na tisa. Alipoamka alikuwa na macho yale yale, lakini nyuma ya macho hapakuwa na mtu wa kufungua mlango. Neno hakuwa nalo hata moja. Nakijwa akamfuata Ngojani siku ile ile. Mimi nilichelewa miezi minne. Kila jioni nilikuwa nampigia simu binti yangu kumwambia akaze moyo, na nilidhani hiyo ni kazi.

Langoni tulifika wawili. Mwenzangu alikuwa Mzee Kiondo, baba mdogo wa Eliamani, mwenyekiti wa kamati ya ukoo ya kumuuguza mgonjwa. Kamati hiyo ilikuwa imekaa vikao sita. Vitano vilikuwa vya kumchagua mwenyekiti.

Mkaguzi wa lango alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, anaitwa Bibi Tulizo. Akaangalia kikapu changu.

"Umebeba nini, bibi?"

"Ndizi, mchele kidogo, na kanga mbili."

"Hivyo pita navyo. Na mdomoni umebeba nini?"

Nikamwambia mdomoni nina meno saba, ahesabu akitaka. Hakucheka. Akaniwekea mbele mtungi wenye mfuniko, akaniambia niteme humo kila neno nililokuja nalo la kumwambia mwenye mgonjwa. Nikaona huu ni utani, nami utani siukimbii. Nikainama, nikasema, "Pole."

Neno likaanguka. Nililisikia kwa masikio yangu likigonga chini ya mtungi, ko, kama kokwa la embe. Nikashtuka, nikachungulia ndani.

"Endelea," alisema Bibi Tulizo.

Zikatoka pole kumi na nne. Zikatoka "kaza moyo" saba, na "Mungu ana makusudi yake" mbili, hizo zilikuwa nzito, zilinikwaruza koo. Mwisho ikatoka habari ya jirani yetu wa Makanya aliyeanguka na pikipiki, akapona kwa wiki moja, na sasa anaendesha kuliko zamani. Hiyo ilikuwa kubwa hata ikakwama kwenye shingo ya mtungi, Bibi Tulizo akaisukuma kwa mwiko.

"Hizi za jirani aliyepona kwa wiki," alisema, "tukiziachia zipite, wenye wagonjwa wanalala chini wasiamke."

Mzee Kiondo aliletewa pipa.

Tulipokwisha, akataka kuona mikono yetu. Akaipindua yangu, akaikagua kucha na viganja, akanivalisha kadi shingoni iliyoandikwa MASUFURIA. Ya Mzee Kiondo iliandikwa CHOO.

"Mama," alisema Mzee Kiondo, "mimi ni mwenyekiti."

"Ndiyo, baba. Na huko kuna pa kukaa."

Mgeni asiye na kadi haruhusiwi kuingia Ngojani. Haruhusiwi kukaa sebuleni akaletewa chai na mwenye mgonjwa, akanywa, akasikitika, akaondoka na kumwachia vikombe. Nilipoisikia sheria hiyo nilitazama pembeni, maana vikombe nilivyowahi kuachia watu ni vingi.

Kisha Bibi Tulizo akafungua kitabu chake, akatafuta jina la binti yangu, uso ukabadilika. "Nakijwa, binti wa Namkunda. Ameangusha kamba mara mbili." Akafunga kitabu. "Hapa kwetu neno hili hatulitumii, lakini ninyi nitawaambia. Fanyeni haraka."

Sikujua kamba ni nini. Nilijua baada ya kupita lango.

Ngojani ni nchi ya mlima mmoja. Mlima huo umechongwa ngazi za mawe kutoka uwandani mpaka mawinguni, na kwenye ngazi hizo wako watu. Ni wale walioumia vichwa: walioanguka, waliogongwa, waliopigwa, waliopasukiwa na mshipa. Mmoja amekaa ngazi ya nne. Mwingine yuko juu sana, mdogo kama siafu. Kila mmoja amefungwa kamba kiunoni, na kamba hiyo inateremka mpaka uwandani, ambako kuna mtu ameshika ncha ya pili. Kamba haivutwi. Mtu akivutwa huanguka. Kazi ya kamba ni kumjulisha aliye ngazini kwamba huku chini kuna anayemngoja. Basi, ni hivyo tu.

Na upepo ukipita katika kamba zile, maelfu kwa maelfu, zinavuma. Si wimbo, wala si kilio. Ni kama pumzi ya kitu kikubwa kilicholala. Mimi bibi mzima nilikaa chini barabarani, na kikapu changu, nikasikiliza. Katika maisha yangu nimeona treni kwa mara ya kwanza, nimeona kupatwa kwa jua, nimeona mume wangu akiomba msamaha. Hakuna lililonikalisha chini namna ile.

Mtu anaweza kupanda ngazi moja kwa wiki mbili. Anaweza kupanda tano kwa siku, na kesho yake akashuka tatu kwa sababu mlango ulibamizwa. Watu wa Ngojani hawaoni ajabu. Nilimuuliza Bibi Tulizo lini mkwe wangu atafika juu. Akageuza kichwa upande kama kuku aliyesikia redio. Nikarudia. Akamwita mwenzake, nikarudia mara ya tatu, wote wawili wakanitazama kwa huruma. Neno hilo, lini, hawana. Walikuwa nalo zamani, wakaliondoa kwa kura, kwa sababu lilikuwa linawala watu wakiwa hai.

Lakini sheria wanayo, na ni ngumu. Kamba ikianguka kutoka mikononi mwa mshikaji mara tatu, aliye ngazini huandikwa kwenye Daftari la Wasiongojwa. Wasiongojwa hawateswi. Wanalishwa, wanaogeshwa, wanatandikiwa vizuri upande wa pili wa mlima. Ila hakuna kamba upande huo. Upepo ukipita huko hausikiki.

Nakijwa nilimkuta uwandani, amekaa juu ya jiwe, kamba mikononi. Kwanza sikumtambua. Binti yangu ni mtu wa mashavu, na pale palikuwa na macho na mifupa. Viganja vilikuwa vimechunika kama vya mpasua kuni. Hatua mbili kutoka kwake, juu ya kigoda, alikaa mwanamume mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio na daftari magotini. Huyo ni Karani wa Kamba, jina lake Mizani. Mshikaji akishaangusha mara mbili, Mizani huhamia karibu naye.

"Shikamoo, Mama," alisema Nakijwa bila kugeuka.

Nikafungua mdomo nimpe pole. Haikutoka, ilikuwa mtungini. Nikasimama na mdomo wazi kama samaki. Kwa kuwa sikuwa na la kusema, nikatazama huku na huku, nikaona masufuria ya miezi minne.

Nilisugua siku nzima. Jioni nikamwambia, "Mwanangu, nipe kamba mimi, ulale."

"Sijachoka, Mama."

Mizani akanieleza utaratibu. Kamba hupokewa kwa maneno mawili. Anayeishika aseme "nimechoka," anayeipokea aseme "lete." Bila la kwanza, la pili halina nguvu.

"Basi amechoka," nikasema. "Huoni? Hata wewe unaona."

"Naona," alisema Mizani. "Lakini kila mtu hapa huleta uchovu wake mwenyewe. Wa mwenzio hatuupokei."

Nikamgeukia Nakijwa. "Sema basi, mama."

"Mke hachoki," alisema Nakijwa.

Maneno yale niliyajua kama ninavyozijua kanga zangu. Nilimpa mimi, siku ya kumuaga anakwenda kuolewa, mbele ya wanawake arobaini. "Mwanangu," nilimwambia, "neno nimechoka lisitoke kinywani mwako, mke hachoki." Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikajiona nimesema. Sasa nikaelewa kwa nini hayakutumbukia mtungini pale langoni. Yalikuwa yamekwisha hamia kwake.

Siku sita niliishi hivyo. Kila asubuhi niliomba kamba, kila asubuhi hakuchoka, na kila asubuhi Mizani alichonga kalamu yake. Katikati ya hayo nikaijua nchi.

Niliona sheria yao ya salamu. Mzee Kiondo, siku ya pili, aliruhusiwa kupanda mpaka ngazi ya tisa, alipokuwa Eliamani. Akasimama mbele yake, akapaza sauti kana kwamba aliyeumia ni masikio. "Eliamani! Unanijua mimi? Eh? Mimi nani? Sema, mimi nani?" Eliamani akatetemeka, akashuka ngazi mbili. Nami nilikiona kile ambacho kwetu hufanywa kando ya kila kitanda na kila anayeingia, mtihani bila mwalimu. Ngojani hilo ni kosa. Vikongwe wawili wenye vipepeo vya mkeka wakamkamata Mzee Kiondo, wakamsimamisha njia panda, na kila aliyepita akalazimika kumuuliza, "Na wewe, unajijua? Wewe nani?"

Kwanza alijibu kwa jina, ukoo, na vyeo vyote vitatu. Saa sita mchana alijibu kwa jina tu. Alasiri nilipita nikamuuliza, kwa uchokozi wangu, "Mzee Kiondo, wewe nani?"

"Mama Nakijwa," alisema, "sina hakika sana."

Walipomwachia alikwenda moja kwa moja akachukua ufagio. Hakuna aliyemtuma.

Nilihudhuria baraza lao pia. Walikuwa wakijadili habari ya mtu aliyefika ngazi ya mia tatu, ambaye kabla ya kuumia hakuonja pilipili, na sasa anakula pilipili kama njugu. Swali lilikuwa: je, huyu ni yeye? Upande mmoja ulisema ni yeye, maana mke wake anamjua kwa namna anavyopiga chafya. Upande wa pili ulisema aliyeahidiwa kurudi alikuwa mtu asiyegusa pilipili. Mjadala huo una miaka mitatu. Pande zote mbili zinasema vizuri mno, na mtu mwenyewe alikuwa pale katikati, anakula pilipili. Mke wake alikuwa anamshikia bakuli. Nilimuuliza kwa siri yeye anaonaje. "Bibi," alisema, "mimi nilishaacha kumngoja yule. Namngoja huyu."

Lakini lililonishangaza kuliko yote lilikuwa ngoma. Siku ya nne nilikwenda sokoni na sufuria kichwani. Ngoma ikalia mara moja, soko zima likasimama. Mwenye bucha alisimama na panga hewani. Mama aliyekuwa akimfinya mwanawe aliacha kumfinya. Mtangazaji akasema, "Aliye ngazi ya mia mbili na sita amefunga kifungo cha shati."

Nikacheka. Nani asingecheka? Kisha nikaona kwamba nacheka peke yangu. Mzee mmoja karibu yangu alikuwa analia machozi, wala hakumjua mwenye shati. Soko likalipuka kwa vigelegele. Shule zikafungwa siku hiyo. Nikakumbuka kwetu, tulivyomkodia mtoto gari la muziki kwa kumaliza chekechea. Nikashusha sufuria, nikajaribu kufungua na kufunga kifungo cha blauzi yangu huku nikikitazama. Jamani. Kidole gumba kinasukuma, cha shahada kinavuta, tundu linafunguka, kitu kinapenya gizani na kutokea upande wa pili, na mimi nimefanya hivyo kila siku kwa miaka sabini bila kumshukuru mtu. Nilikifunga na kukifungua mara nne. Watu walinipita wakaniacha, wakijua kinachonipata.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, nilikuwa nasugua sufuria ya uji nilipomsikia Mizani akivuta pumzi. Nikageuka. Macho ya Nakijwa yalikuwa wazi lakini hayaoni. Kamba ilikuwa inateleza. Ilitoka viganjani ikaja kwenye vidole, ikatoka kwenye vidole vya kati ikabaki imening'inia kwenye ncha tatu. Mizani akatoa kalamu nyuma ya sikio. Baadaye niliambiwa kwamba huwa analia akiandika la tatu, na kwamba hajawahi kuacha kuandika.

Nikamwendea Nakijwa na masizi mpaka kwenye viwiko. "Sema, mwanangu."

"Si... jachoka."

Nikapiga magoti mbele yake, na magoti yangu si ya kupigwa ovyo.

"Nakijwa, nisikilize. Baba yako alilala kitandani miaka sita. Unakumbuka watu walivyonisifu? Kanisani waliniita mwanamke wa chuma. Nilipenda. Nilitembea nikinesanesa kwa hicho chuma. Sasa nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Siku moja, mwaka wa pili, niliingia chooni nikafunga mlango, nikakaa humo nusu siku nzima. Sikuwa na haja yoyote. Nilikaa kwa sababu huko tu ndiko ambako hakuna aliyekuwa ananiita. Niliwahesabu nzi. Nilipotoka nikasema nilikuwa naumwa tumbo."

Ncha za vidole zilikuwa mbili sasa.

"Nilichoka mwaka wa pili," nikasema. "Nikachoka wa tatu. Wa nne nilimchukia baba yako kwa kukohoa tu. Na nilimpenda, mwanangu, nilimpenda. Vyote viwili vilikaa kwenye tumbo moja. Kisha nikaja nikakudanganya mbele ya wanawake arobaini." Nikavuta pumzi. "Nimechoka, Nakijwa. Mama yako nimechoka. Nina miaka sabini na moja na leo ndiyo mara ya kwanza nalisema."

Mizani akasimama kutoka kwenye kigoda chake. Nikadhani anakuja kuandika. Alikuwa amevua kofia. Nikaona uwanda wote umesimama, washikaji wote, kamba mikononi. Ni desturi yao, mtu mzee akilisema neno hilo kwa mara ya kwanza, kila mtu husimama.

Nakijwa akanitazama. Sauti ilitoka ndogo, ya mtoto anayeomba maji.

"Nimechoka, Mama."

"Lete," nikasema, nikaidaka kamba ikiwa kwenye kidole kimoja.

Alilala pale pale, kabla kichwa hakijafika chini. Mzee Kiondo aliwahi kukikinga kwa koti lake.

Hapo likatokea jambo la aibu. Mizani akachukua ncha ya kamba, akataka kunifunga kiunoni, kwa kuwa mshikaji anayeanza lazima afungwe. Nikaruka nyuma. Huku kiunoni mwa mkwe wangu, huku kiunoni mwangu, kamba moja? Kwetu mama mkwe na mkwe hata mkeka mmoja hawakalii. Akiniona njiani anaingia majanini. Bibi Tulizo akaitwa.

"Sheria hiyo waliitunga akina nani?" aliuliza.

"Wazee wetu."

"Wako wapi?"

"Wamekufa."

"Basi funga. Hawatasikia."

Nikafungwa. Na kamba ilipokaza nikamhisi. Sijui niseme vipi. Nilihisi kule juu kuna mtu anapapasa, kama anayetafuta kiberiti kwenye nyumba ya giza, anagusa meza, anagusa ukuta, anarudi kwenye meza. Hachoki. Miezi minne, na kumbe huyu mtu alikuwa anafanya kazi muda wote huo, kazi kubwa kuliko kupaua, na sisi tulikuwa tunasema amelala tu.

Nikaona haya kukaa kimya. Ningemwambia nini? Pole ziko mtungini, moyo ameshakaza. Nilichobaki nacho ni upuuzi wangu, ambao langoni hawakuukagua.

"Eliamani, mkwe wangu," nikasema, nikiinong'oneza kamba. "Nina la kukiri. Unakumbuka siku ya posa? Mvua ilinyesha, ukaja na mabuti ya mvua ya kuazima, makubwa kama mitumbwi. Ukayavua mlangoni. Ulipotoka ukakuta moja. Ulitafuta mpaka ukaingia zizini. Ukasimama mbele ya wazee wangu mguu mmoja na buti, mwingine peku na tope, ukatoa shukrani kwa niaba ya ukoo. Baba yako mdogo akasema limebebwa na mbwa. Mkwe wangu, hakuna mbwa. Ni mimi. Nilitaka nione kijana gani huyu, atakasirika au vipi. Hukukasirika, nikakupa binti. Lile buti ninalo. Miaka kumi na moja kuku wangu wanatagia humo."

Kamba ikasimama. Kule kupapasa kukakoma.

Kisha ikaanza kutikisika. Nikashika kwa nguvu, nikadhani ameanguka. Mizani akaweka mkono juu ya kamba, akasikiliza, macho yakamtoka. "Anacheka," alisema. "Bibi, anacheka!" Na kutoka ngazi ya saba, kwa sauti ya mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, likaja neno.

"Buti."

Mpiga ngoma alikuwa amekwisha inua mkono. Bibi Tulizo akamwonyesha Nakijwa, amelala juu ya koti la Mzee Kiondo, mdomo wazi. Mkono ukabaki juu. Wana sheria nyingine ambayo sikuwa nimeambiwa, kwamba aliyelala baada ya kusema amechoka haamshwi, hata kwa furaha. Mpiga ngoma akaipapasa tu ngozi kwa kiganja, shh, kama anayebembeleza mtoto, na habari ikapita uwandani kwa midomo na masikio. Nikaona taifa zima likishangilia bila sauti. Wanawake walijaza kanga mdomoni kuzuia vigelegele, mabega yakiwatikisika. Mwenye bucha alicheza kwa ncha za vidole. Mzee Kiondo, mtu wa hotuba, aliinua ufagio juu kwa mikono miwili, akafumba macho. Kilichosikika ni kamba tu.

Nakijwa aliamka kesho yake, jua limekwisha panda. Akatazama viganja vyake vitupu, akapiga kelele. "Kamba iko wapi?"

"Iko kwa watu," nikamwambia. Ilikuwa kwa Mzee Kiondo kwa wakati huo, na nyuma yake walipangana wajumbe watano wa kamati, waliofika asubuhi na kadi zao shingoni. Kila mmoja alijua zamu yake. Kikao hakikufanyika.

Nikamweleza yaliyotokea. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Miezi minne namshikia kamba," alisema, "na neno la kwanza ni buti?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Hata si jina langu?"

"Hata si jina lako."

Akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikutofautisha, na sikumwambia akaze chochote. Nilimpa uji.

Ninapoandika haya, Eliamani yuko ngazi ya kumi na nne. Jana alikuwa ya kumi na sita, akashuka kwa sababu mjumbe mmoja wa kamati alipiga chafya. Kijiko anakiita nyundo. Hasira zake zinakuja bila hodi na zinaondoka bila kuaga. Nakijwa analala kila siku baada ya chakula cha mchana, na anasema nimechoka kwa sauti kubwa, wakati mwingine kwa kutuonea tu, ili aone nani atasema lete. Mimi zamu yangu ni asubuhi. Juzi nilipopokea kamba, sijaanza hata kusema, likateremka kutoka juu lile neno, na mara hii halikuja peke yake.

"Buti langu."

Kisha, baada ya kutafuta sana, likaja la tatu.

"Mwizi."

Uwanda mzima ulipigiwa ngoma kwa ajili ya sentensi hiyo, na shule zikafungwa, na hivyo ndivyo nilivyotangazwa katika nchi ya kigeni.

Nimeandika barua nyumbani lile buti liletwe. Wamenijibu kwamba haliwezi kutoka sasa, kuku amo ndani, anaatamia mayai manne. Nimewaambia wasimguse. Siku zikitimia ishirini na moja atatoka mwenyewe, maana katika ukoo wetu wote ni yeye peke yake anayejua lini.